Magari mawili katika meli moja: mambo ambayo mama ayajue kabla ya kuvuka maji

Likizo kubwa inapokaribia, simu zinaanza kulia kutoka Ulaya. Wengi wetu tuna mtoto, mdogo au shemeji anayeishi Ubelgiji, na habari wanazotupa siku hizi ni za safari. Familia mbili zinaungana na kukodi gari-nyumba, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Gari dogo linafuata nyuma na watoto waliokosa nafasi. Wote wanataka kuvuka bahari kwenda kumsalimia ndugu aliye Uingereza.

Bibi aliye hapa nyumbani anauliza: gari linavukaje bahari? Wajukuu watalala wapi? Juma hili tunajibu maswali hayo. Tunayajibu pia kwa faida yetu wenyewe, kwa sababu sisi nasi tunavuka maji, na mambo mengi yanayolinda watu kule hayahitaji utajiri.

Njia yenyewe

Tuchukue njia moja inayotumiwa na watu wengi. Meli inaondoka jioni katika bandari ya Europoort, karibu na Rotterdam, nchini Uholanzi, na asubuhi inafika Hull, kaskazini mwa Uingereza. Ni safari ya saa 11 hivi, usiku kucha. Magari yanaingia tumboni mwa meli kwa magurudumu yao wenyewe, yanapangwa kwa mistari, kisha watu wanapanda juu kulala katika vyumba vidogo vyenye vitanda. Kwa hiyo wajukuu hawalali ndani ya gari-nyumba, hata kama lina vitanda vizuri namna gani.

Kabla ya kulipa tiketi, kila gari linapimwa urefu na kimo. Sanduku lililofungwa juu ya paa linahesabiwa, na chuma cha kubebea baiskeli nyuma kinahesabiwa pia. Anayetaja kipimo kidogo ili alipe kidogo anaweza kudaiwa nyongeza bandarini, au kukosa nafasi siku hiyo. Vipimo hivyo vinawasaidia mabaharia kujua gari lipi likae wapi ili meli isilemee upande mmoja.

Magari mawili maana yake ni madereva wawili na orodha mbili za majina. Hapa ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa. Gari-nyumba, kwa sababu ni refu, mara nyingi linaelekezwa pamoja na makamio, na gari dogo linapelekwa sitaha nyingine. Baba anaingia huku, mama anaingia kule, na mtoto aliyehamia gari la mjomba dakika za mwisho anajikuta mbali na pasipoti yake. Basi mnapoongea na watoto wenu kwa simu, waambieni haya:

Kila mtu asafiri katika gari lenye karatasi zake. Mtoto asiyesafiri na wazazi wake awe na barua yao ya ruhusa, kwa maana askari wa mpaka anaweza kuuliza huyu ni mtoto wa nani.

Mahali pa kukutana ndani ya meli papangwe mapema, kabla magari hayajaachana. Chini kule simu inaweza isishike mtandao.

Kila dereva aandike namba ya sitaha na ya ngazi aliyopandia. Asubuhi magari yote yanafanana, na watu wote wana haraka.

Viza isisahauliwe. Mwenye pasipoti ya Kongo, hata akiwa na kibali cha kukaa Ubelgiji, anahitaji viza ya Uingereza. Mwenye pasipoti ya Ubelgiji naye, tangu Aprili 2025, anatakiwa kuomba ruhusa kwa intaneti kabla ya safari. Permi ya kawaida ya gari dogo inaruhusu gari lisilozidi kilo 3,500, na gari-nyumba lililojaa maji, vyakula na mizigo linaweza kupita hapo. Tena Uingereza wanaendesha upande wa kushoto, si kulia kama Ubelgiji na kama kwetu.

Gari linabaki, watu wanatoka

Gari likishasimama mahali pake, dereva anavuta breki ya mkono na kuacha gia ndani. Injini inazimwa mara moja, kwa sababu moshi katika tumbo la meli ni sumu. King'ora cha wezi kinazimwa pia, maana mawimbi yakilitikisa gari kitalia usiku mzima na kumaliza betri. Katika gari-nyumba kuna kazi moja zaidi: mtungi wa gesi unafungwa kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Friji inayotumia gesi inazimwa.

Kisha watu wote wanatoka. Bibi mwenye magoti mabaya anatoka. Mtoto aliyelala anabebwa. Meli ikiondoka, milango ya sitaha za magari inafungwa, na hakuna anayeruhusiwa kushuka tena mpaka bandari ya pili. Kwa hiyo mama anatayarisha mfuko mmoja mdogo wa usiku: dawa, maziwa ya mtoto, pampasi, nguo ya kubadilisha, sweta, karatasi zote na pesa. Kilichosahauliwa garini ni kama kimebaki Ubelgiji.

Kwa nini ukali huu wote?

Kanuni hizi zimeandikwa kwa machozi. Tarehe 6 Machi 1987, feri iliyoitwa Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover. Milango mikubwa ya mbele, ile ya kuingizia magari, ilikuwa wazi. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala, na kapiteni, kutoka mahali alipokaa, hakuweza kuiona. Maji yakaingia katika sitaha ya magari, na kwa dakika chache tu meli ikalala ubavu, karibu kabisa na bandari. Watu 193 walikufa.

Mama yeyote aliyewahi kubeba beseni lenye maji nusu anaelewa jambo hili. Ukiinama kidogo, maji yote yanakimbilia upande huo na kukuvuta zaidi. Sitaha ya magari ni beseni kubwa lisilo na ukuta katikati. Maji kidogo yakiingia, yanakimbilia upande mmoja na kuilaza meli nzima. Mtu aliyebaki ndani ya gari, huku mikanda imefungwa na magari mengine yamembana milangoni, hana njia ya kutoka. Baada ya ajali ile, meli za namna hii ziliwekewa taa za kumwonyesha kapiteni kama milango imefungwa.

Miaka saba baadaye, tarehe 28 Septemba 1994, feri Estonia ilizama usiku katika Bahari ya Baltiki, nayo maji yaliingia kupitia mlango wa mbele. Watu 852 walikufa. Mwaka 1998 nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria ya kuhesabu na kuandikisha watu wanaosafiri katika meli za abiria. Ndiyo maana leo mjukuu wako, hata awe wa wiki tatu, anaandikwa jina lake katika tiketi.

Na tusidhani kwamba hatari iko katika safari ndefu tu. Mwezi Septemba 2019, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, ambapo kuvuka ni dakika chache, gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri likaanguka baharini. Ndani yake walikuwa mama na binti yake mdogo. Wote wawili walikufa, na ilichukua siku nyingi kuwapata.

Na sisi kwenye maziwa yetu?

Hapa kwetu wengi hatuna gari-nyumba. Lakini tunapanda boti na magunia ya mihogo, na mafuta ya mawese, na mbuzi, na watoto mgongoni. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, Goma, ikiwa karibu kufika. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao walikuwamo wamama wachuuzi na watoto. Jamaa walisimama ufukweni wakitafuta majina ya watu wao.

Hatuna uwezo wa kujenga meli ya chuma yenye vyumba vya kulala. Lakini kuandika jina la abiria kunahitaji daftari na kalamu. Kuhesabu watu kunahitaji macho. Kukataa kupanda chombo kilichojaa kunahitaji moyo, na moyo huo ni rahisi kuupata tukiwa kumi kuliko mtu akiwa peke yake na gunia lake.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kizungumze mambo manne katika mkutano ujao. Kwanza, tusipande bila majina yetu na ya watoto wetu kuandikwa, na nakala moja ibaki nchi kavu. Pili, kila mtu avae jile ya kuokoa maisha kabla chombo hakijaondoka. Ya mtoto iwe ya kipimo cha mtoto, maana ya mtu mzima inampitia kichwani. Wanaofanya likelemba wanaweza kupanga zamu chache za kununua jile badala ya vyombo vya nyumbani. Tatu, mizigo mizito ikae chini na katikati, wala isizibe njia ya kutokea. Nne, kwenye kivuko chochote kinachobeba magari, watu wote washuke garini, breki ivutwe, na watoto washikwe mkono mpaka gari litoke upande wa pili.

Na usiku huu, ukiongea na mtoto wako wa Ubelgiji, muulize kama amepanga nani anakaa gari gani na pasipoti ya nani iko wapi. Akicheka, mwambie acheke, lakini ajibu.