Mama yuko mpakani, mtoto yuko na kidole

Mfanyabiashara anayevuka Namanga alfajiri, akimwachia bibi mtoto wa miaka mitano, hurudi jioni na kumkuta kidole gumba kiko mdomoni, ngozi imesinyaa. Wengi hukimbilia pilipili au shubiri. Pilipili iacheni. Mtoto akifikicha macho ni balaa, na kilichompeleka kwenye kidole, usingizi au upweke, kinabaki palepale.

Kabla ya miaka minne hakuna haraka. Wengi huacha wenyewe. Shida ni tabia hiyo ikiendelea hadi meno ya kudumu yanapoanza kuota, karibu miaka sita: kidole huyasukuma ya juu yakatokeza mbele. Hapo ni kwa daktari wa meno.

Kwa sasa, mwulizeni bibi ni saa ngapi hasa kidole kinapanda mdomoni. Ikiwa ni mchana, mtoto apewe kazi ya mikono, hata kuchambua maharage. Ikiwa ni wakati wa kulala, apewe kanga ya mama aishike. Bibi na mama wawe na kauli moja. Mmoja akibembeleza na mwingine akichapa, mtoto hujificha akanyonya. Siku aliyojizuia asifiwe, na mama aliyelala upande wa pili apige simu kabla hajasinzia, japo salio la huko linaisha upesi.