Chora Kwanza, Ndipo Upande Mkoko

Wazazi wengine wakimwona mtoto amerudi kutoka mikokoni na matope hadi magotini, mkononi ana karatasi iliyochorwa mizizi, huuliza: kweli huku ndiko kusoma? Sisi twasema ndiko.

Tuchukue Gazi, huko Kwale, ambako mito ya Kidogoweni na Mkurumuji huingia baharini. Mikoko ya hapo ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, sehemu zingine zikabaki tope tupu. Kazi ya kupanda upya ilianza 1991, na tangu 2013 mradi wa wanakijiji, Mikoko Pamoja, hulinda hekta 117.

Lakini mche haumei popote tu. Tumeona wageni wakipanda mkoko safu safu pale penye mawimbi, wakapigwa picha, wakaenda zao. Bamvua mbili, miche yote imeng'oka! Hapo ndipo kuchora kunapotufaa.

Maji yakipwa, twavuta kamba kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu. Watoto husimama kando ya kamba, kila mmoja achore mti ulio mbele yake. Rangi hatuwapi, ni makaa peke yake, maana tunataka waiangalie mizizi. Upande wa bahari kuna mlilana, ule wa mataruma ya mashua. Kisha mkoko wenyewe, umesimama kwa miguu mingi kama kaa. Nyuma yake mkandaa, halafu mchu, mizizi yake imechomoza topeni kama penseli. (Mchu ni mkaidi, utaukuta hata karibu na maji.)

Karatasi zikibandikwa ukutani kwa mpangilio ule ule, watoto wenyewe huanza kuuliza: mbona mizizi hii yatazama juu? Basi mwalimu atie kijiti topeni, wanuse. Lile tope linanuka kama yai viza kwa sababu halina hewa, kwa hivyo mti hupandisha mizizi ipate kupumua. Na mbona mlilana hufunikwa na maji kila siku, mchu wa juu wangoja bamvua? Aliyechora hivyo, ukimpa mbegu ndefu ya mkoko, hataipeleka kwenye mawimbi.

Baada ya miezi 6 turudi kwenye kamba ile ile, tuchore tena. Mche uliokufa utaonekana kwa pengo lake.

Mwalimu anayetaka kuanza awaulize wavuvi saa ya maji kupwa. Makaa yako jikoni, na mgongo wa kalenda ya mwaka jana ni karatasi nzuri sana.