Mwenzako Akijaribu Kimombo, Usimcheke!

Kuna wanandoa wengi hapa Dar es Salaam ambao wana jambo moja wasilolizungumza kabisa: mmoja anatema ung'eng'e, mwingine anaogopa. Ikifika sherehe ya ofisini, yule mwoga anasingizia kichwa kinauma. Nafasi nzuri ikitangazwa hotelini, haombi.

Namfahamu dada mmoja wa Kinondoni, fundi wa keki ile mbaya, aliyeacha kujaribu siku mumewe alipomcheka mbele ya wageni. Alikuwa anasimulia habari za rafiki yake wa saluni, akasema "he" badala ya "she". Mume akadakia, "Kumbe rafiki yako ni mwanaume?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo wageni wa Kiingereza wakija, yeye yuko jikoni. Hata oda za keki za maofisini anamwachia mdogo wake azungumze.

Hivi kosa lenyewe ni kubwa kiasi hicho? Kiswahili kinatumia "yeye" kwa mwanamke na kwa mwanaume, hivyo ulimi wetu haujazoea kuchagua. Vilevile neno letu "kuazima" linamtosha anayetoa na anayepokea, wakati Mwingereza ana "lend" na "borrow". Hayo ni mambo ya mazoea tu, wala si upungufu wa akili. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukafika kidato cha kwanza tukakuta baiolojia na historia kwa Kiingereza. Tulikariri, tukafaulu, lakini kuongea tulikuwa hatujazoea.

Sasa mtu afanyeje? Mimi nasema aanzie mtaani kwake. Kila mtaa una mwalimu wa Kiingereza anayetafuta kipato cha jioni. Majirani wanne au watano wakichanga, ada inakuwa nyepesi na aibu inapungua, kwa sababu wote mnababaika pamoja. Anzeni na maneno ya kazi zenu: muuza duka ajifunze bei na chenji, fundi wa keki ajifunze oda na tarehe. Mkiwa na mtoto wa shule, kaeni naye anapofanya kazi yake ya Kiingereza, nanyi msome kwa sauti.

Nyumbani tengeni nusu saa, mara tatu kwa wiki, mzungumze Kiingereza tu. Sheria ni moja: anayeongea hakatishwi. Makosa yasahihishwe akimaliza, mkiwa wawili, na yasizidi mawili kwa siku. Mbele za watu, funga mdomo! Mtu akisahihishwa kila neno, anachojifunza ni kunyamaza.

Na asikudanganye mtu kwamba ukijifunza Kiingereza umekidharau Kiswahili. Mwalimu Nyerere, aliyekipigania Kiswahili, ndiye huyohuyo aliyetafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963. Lugha mbili zilikaa vizuri tu kwenye kichwa kimoja.

Kwa hiyo kaka, dada, wewe unayekijua Kiingereza, usijione umemaliza. Mwenzako anahitaji mtu mmoja tu wa kukosea mbele yake bila kuogopa, na mtu huyo ungekuwa wewe ingependeza zaidi. Haya, leo jioni nani anaanza?