Marubani wanapochoka: sheria iko, lakini nani anahesabu saa zao?

Mwezi Agosti 2022, ndege aina ya Boeing 737 ya kampuni Ethiopian Airlines, inayojulikana na wasafiri wengi wa Congo, ilitoka Khartoum, Sudan, kuelekea Addis Ababa. Ilifika juu ya kiwanja bila kuanza kushuka. Waongozaji wa ndege waliita kwa redio mara nyingi, hakuna aliyejibu. Kulingana na taarifa zilizotolewa wakati ule, marubani wawili walikuwa wamelala huku ndege ikijiendesha yenyewe. Mtambo huo ulipozimika, kengele yake ndiyo iliwaamsha. Walizunguka, wakatua salama. Kampuni iliwaondoa kazini kwa muda ili uchunguzi ufanyike.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express iliyosafiri usiku kutoka Dubai ilipita mwisho wa kiwanja cha Mangalore, India, na kutumbukia bondeni. Watu 158 walikufa, 8 tu ndio walipona. Chombo kinachorekodi sauti ndani ya chumba cha marubani kilionyesha kwamba rubani mkuu alilala sehemu kubwa ya safari, hata kukoroma kulisikika. Aliamka akili ikiwa bado nzito. Rubani msaidizi alimwambia zaidi ya mara moja aache kutua na kuzunguka tena, lakini aliendelea.

Hapo ndipo hatari ya uchovu ilipo: mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kujua kwamba amechoka. Kwa sababu hiyo, kazi ya kupima saa zake haiwezi kuachiwa yeye peke yake, wala kampuni inayopata faida ndege ikiruka. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linadai kila nchi iweke mipaka ya saa za kazi na za mapumziko ya marubani.

Marekani ilikaza sheria yake baada ya msiba. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema chanzo ni rubani kukosea katika kuiongoza ndege, lakini wakaongeza kwamba inaelekea uchovu ulikuwa umepunguza uwezo wa marubani wote wawili. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini. Familia za marehemu zilisukuma Bunge hadi sheria ikabadilika. Tangu Januari 2014, rubani wa ndege za abiria anapaswa kupata mapumziko ya saa 10 kabla ya kuanza kazi, ndani yake awe na nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Marubani wa ndege za mizigo hawakuingizwa katika sheria hiyo.

Congo nayo ina sheria ya usafiri wa anga, ya tarehe 31 Desemba 2010, na mamlaka yake, AAC. Hata hivyo, tangu 2006 Umoja wa Ulaya unakataza kampuni zote zenye kibali cha Congo kuruka katika anga yake. Sababu inayotolewa si ndege moja mbovu ao rubani mmoja mzembe, bali udhaifu wa usimamizi wa serikali.

Kwa wakaaji wa mashariki, jambo hili si la mbali. Pahali pengi barabara imekatika, na ndege ndogo ndiyo inaleta dawa, chumvi na wagonjwa. Rubani mmoja anaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, kwenye viwanja vya udongo, katika mvua. Mipaka ya saa itamlinda yeye na abiria wake ikiwa mkaguzi anafungua kitabu cha safari, ana uwezo wa kuzuia ndege isiruke, na rubani anayesema "leo nimechoka" hapotezi kazi yake.

Msafiri anayepanda ndege Bunia ao Kindu anaweza kuona tairi lililochakaa. Usingizi ambao rubani hakuupata jana, hawezi kuuona.