Kinga Inapoiangusha Kompyuta

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Kimarekani ya CrowdStrike ilituma faili la data kwa kompyuta za wateja wake duniani kote. Saa 2:27 ikaliondoa. Dakika 78 zilitosha. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika: zilionyesha skrini ya bluu, zikajiwasha upya, zikaanguka tena. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta takriban safari 7,000 katika siku zilizofuata. Hapakuwa na mdukuzi wala kirusi. Kilichoziangusha ni Falcon, programu ya CrowdStrike iliyowekwa kuzilinda.

Inawezekanaje programu moja ikaangusha kompyuta nzima? Programu tulizozizoea, kama ile ya kuandikia barua, hufanya kazi katika eneo lenye mipaka. Ikikosea, inafungwa yenyewe na nyingine zinaendelea. Programu za usalama haziridhiki na eneo hilo. Zinataka kuona kila faili linapofunguliwa na kila programu inapoanza, tena kabla kirusi hakijapata nafasi ya kujificha, kwa hiyo huingiza vipande vyake viitwavyo draiva ndani ya kiini cha mfumo, mahali panapoendesha kumbukumbu, diski na kila kitu kingine. Huko hakuna kosa dogo. Kiini kikijaribu kusoma sehemu ya kumbukumbu isiyo halali, Windows husimamisha kazi zote kwa makusudi, kwa kuwa kuendelea kungeweza kuharibu data. Skrini ya bluu, basi, ni breki ya dharura.

Kosa la CrowdStrike linastahili kuangaliwa kwa karibu, maana lilijificha kwa miezi. Mwezi Februari 2024 kampuni iliongeza namna mpya ya kutambua mashambulizi, iliyofafanuliwa kuwa na sehemu 21 za taarifa. Msimbo uliokuwa ndani ya kompyuta za wateja, hata hivyo, ulitoa sehemu 20 tu. Hakuna aliyegundua, kwa sababu sheria za utambuzi zilizotumwa mwanzoni ziliruhusu sehemu ya 21 iwe na chochote, na hivyo haikusomwa kamwe. Sheria za Julai ndizo za kwanza kutaka isomwe. Draiva ikaenda kuitafuta sehemu ya 21 mahali ambapo haikuwepo, ikasoma nje ya mpaka wake, na mfumo ukasimama. Chombo cha kampuni cha kukagua mafaili kabla ya kutumwa nacho kilidhani sehemu zote 21 zipo, kikalipitisha.

Ninachokiona kizito zaidi hapa ni kwamba faili lile halikuwa programu mpya. Lilikuwa data, na data ilihesabiwa kuwa salama kiasi cha kutumwa kwa wote kwa mkupuo. Baadaye kampuni iliongeza ukaguzi wa mipaka na kuanza kusambaza mafaili ya aina hiyo kwa awamu. Hatua zote mbili zilijulikana kwa wahandisi wa programu miaka mingi kabla ya Julai ile.

Kuondoa faili kwenye seva hakukuziokoa kompyuta zilizokwisha kulipokea. Draiva ya Falcon hupakiwa mapema sana, hivyo nyingi zilianguka kabla ya kuwahi kupakua faili lililorekebishwa. Baadhi zilipona baada ya kuwashwa upya mara nyingi. Nyingi kati ya zilizobaki zilihitaji fundi aliyekaa mbele ya kila moja, akaiwasha katika hali salama, akaingia kwenye folda ya CrowdStrike na kufuta faili lenye jina linaloanza na C-00000291. Pale diski ilipofungwa kwa BitLocker, kinga ya diski ya Windows, ilimbidi kwanza aingize ufunguo wa tarakimu 48.

Kisa hiki hakikuwa cha kwanza. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la antivirusi ya McAfee liliitaja svchost.exe, sehemu halali ya Windows XP, kuwa kirusi, na kompyuta nyingi zikaanza kujizima na kujiwasha.

Kwa kompyuta ya nyumbani inayoanguka mara kwa mara, njia ni ileile ya mafundi wa siku ile: jua kwanza kilichobadilika. Windows ina Reliability Monitor, inayoonyesha kwa tarehe kila kuanguka na kila programu iliyowekwa au kusasishwa. Soma pia jina la faili kwenye skrini ya kosa, likitajwa, lakini kwa tahadhari. Ntoskrnl.exe, kwa mfano, ni kiini chenyewe, na mara nyingi hutajwa kwa kosa la draiva nyingine. Kisha iwashe katika hali salama, ambamo draiva nyingi za ziada hazipakiwi. Ikitulia huko, shuku draiva mojawapo, na ya antivirusi iwe miongoni mwa za kwanza kuchunguzwa.

Hasa angalia kama zipo mbili. Wapo wanaoamini kwamba antivirusi mbili ni kinga maradufu, na imani hiyo huweza kuiangusha kompyuta. Zote mbili hulizuia faili lilelile linapofunguliwa, na zinaweza kungojeana mpaka mashine igande. Bakiza moja. Kuiondoa nyingine kwa njia ya kawaida huenda kukaacha draiva nyuma, ndiyo maana watengenezaji wengi hutoa zana maalumu ya kuifuta kabisa. Antivirusi zote za nje zikiondoka, Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, kwa kawaida hurudi kazini, lakini hakikisha imerudi kabla ya kuingia kwenye intaneti. Kama kompyuta inaendelea kuanguka hata sasa, pima RAM na diski. Ikigundulika kwamba RAM ndiyo mbovu, antivirusi uliyoiondoa huenda haikuwa na kosa, na unaweza kuirudisha, mradi ibaki moja tu.