SUNGURA ALIYEPINDA SHINGO

Wako wakulima katika skimu za pwani, kama Shimba Hills, Mtwapa na Mpeketoni, wanaofuga sungura kwa nyama na kwa mbolea ya bustani. Mimi sina shamba. Nakaa mjini Mombasa, mtaa wa Kizingo, upande ule wa mnara wa taa na mibuyu, ambako meli hupita zikiingia Kilindini. Nina ua mdogo tu, na katika ua huo tulikuwa na sungura mmoja jike, mweupe, jina lake Pamba. Hakuwa wa kuchinjwa. Alikuwa wa binti yangu. Lakini yaliyompata Pamba yanaweza kulipata banda lako lenye sungura thelathini. Kwa hiyo nayaeleza hapa ili yakufae.

Asubuhi moja binti yangu alikuja mbio. "Baba, Pamba amelewa!"

Nikatoka uani. Kichwa cha Pamba kilikuwa kimepinda, sikio moja limeelekea chini. Macho yalikuwa yakichezacheza upande hata upande. Kila alipojaribu kusimama alianguka akabiringika kama pipa. Jirani yetu, mzee wa makamo, alikuja akamtazama.

"Mwanangu, huyo amekwisha," akasema. "Mchinje leo, kesho atakuwa mzoga."

Binti yangu akaanza kulia. Nikamjibu, "Mzee wangu, nipe siku moja, nimwone kwanza Bwana Mifugo."

SABABU SI MOJA

Bwana Mifugo alianza kwa kumtazama masikioni. Akaniambia, "Bwana, kupinda shingo ni dalili tu. Lazima tujue kinacholeta dalili hiyo."

Sababu ya kwanza ni utitiri wa masikio. Ukiona magamba mazito ya rangi ya kahawia ndani ya sikio, na sungura anajikuna, ndio huo. Usiyabandue magamba kwa nguvu, maana chini yake pana kidonda. Ipo dawa ya kuua utitiri.

Sababu ya pili ni usaha ndani kabisa ya sikio, unaoletwa na bakteria. Mara nyingi sungura huyo amewahi kupiga chafya na kutoka makamasi.

Sababu ya tatu ni kuumia. Sungura ana mifupa myepesi na miguu ya nyuma yenye nguvu nyingi. Akibebwa vibaya akapiga teke hewani, huweza kujivunja uti wa mgongo. Usimwinue kwa masikio. Mshike kifuani kwa mkono mmoja, na mkono wa pili utegemeze matako.

Tena kuna joto. Katika miezi ya Februari na Machi, banda la bati lisilo na kivuli huweza kumwangusha sungura mzima. Lakini huyo huhema sana na mwili wake huwa moto.

Pamba hakuwa na dalili hizo. Masikio yalikuwa safi, wala hakuwa ameanguka. Bwana Mifugo akashuku kijidudu cha ubongo.

KIJIDUDU CHENYEWE

Mwaka 1922 wataalamu wawili, Wright na Craighead, waliandika habari za sungura wadogo waliopooza, na kijidudu walichokiona. Jina lake la kitaalamu ni Encephalitozoon cuniculi. Ni kidogo sana, hakionekani kwa macho. Hukaa katika ubongo, figo na macho. Hutoka katika mkojo, na sungura mwingine hukipata akila majani yaliyokojolewa. Mama pia huweza kuwaambukiza watoto wake tumboni. Sungura wengi hukibeba bila kuugua, mpaka siku mwili unapodhoofika.

DAWA

Dawa aliyoiandika ni fenbendazoli, ile ile ya minyoo ambayo wafugaji wa mbuzi wanaijua. Kipimo ni miligramu 20 kwa kila kilo moja ya uzito, mara moja kwa siku, siku 28 mfululizo. Pamba alikuwa na kilo 2, basi alipewa miligramu 40. Soma chupa vizuri. Ikiwa kila mililita ina miligramu 25, sungura huyo atapata mililita 1.6, ikiwa ina miligramu 100, atapata 0.4 tu. Ukizidisha unaweza kuharibu uboho, ambamo damu hutengenezwa.

Jihadhari na jambo hili: usimpe sungura kwa mdomo penisilini, ampisilini wala amoksilini zilizobaki nyumbani. Dawa hizo huua bakteria wema wa tumboni mwake, naye hufa kwa kuhara.

KUMLEA MGONJWA

Dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mikono yako.

Tulimweka Pamba katika kasha dogo, pembeni pote tukapanga nguo kuukuu zilizokunjwa, ili akibiringika asiumie. Tulimweka mahali pa kivuli pasipo kelele. Nguo zikilowa mkojo tulizibadili siku hiyo hiyo, kwa sababu mkojo huchoma ngozi.

Sungura akikaa nusu siku bila kula, tumbo lake husimama, na hilo humuua mapema kuliko kijidudu. Tulilowesha chakula cha sungura cha dukani kikawa uji, tukamlisha kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo, mara kadhaa kwa siku. Ukoka mbichi tuliushika mbele ya pua yake. Jicho la upande wa chini tulilisafisha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa huingia vumbi.

Siku tatu za kwanza nilidhani mzee alisema kweli. Siku ya nne Pamba akatafuna jani peke yake. Baada ya wiki mbili akaacha kubiringika. Wengine hawapati bahati hiyo. Kama mgonjwa hali kabisa na anazidi kuteseka, Bwana Mifugo atakushauri apumzishwe bila maumivu, wala si aibu kukubali.

KWA MWENYE BANDA KUBWA

Mtenge mgonjwa siku ile ile. Wahudumie wazima kwanza, yeye mwisho. Weka majani katika kihori kilichoinuliwa, wala si chini. Vyombo vyioshe kwa maji yanayochemka; vizimba visugue, kisha vipake dawa ya klorini. Usizalishe jike aliyeugua. Sungura mgeni akae peke yake mwezi mmoja. Nyama ya mgonjwa msiile.

Nawa mikono kwa sabuni. Kijidudu hiki huweza kumwingia mtu, hasa mwenye kinga dhaifu ya mwili; huyo asisafishe banda. Na kama sungura ameumwa na mbwa au mnyama wa porini, usimshike. Mwite Bwana Mifugo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Pamba yu hai. Kichwa chake bado kimeinama kidogo, lakini anakula, anaruka, na anamfuata binti yangu uani. Mzee jirani humletea ukoka kila Ijumaa akitoka msikitini. Ukimwona sungura wako amepinda shingo, usishike kisu kwanza. Tazama masikio yake, mtenge, mlishe, na umwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.