Lugha ya Majibu katika Seva ya NEOS

Miongoni mwa kazi zilizozaliwa na intaneti, iko moja ambayo wanaisimu hawajaishughulikia sana, ijapokuwa sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha. Nayo ni usimamizi wa seva inayowawezesha watu wa mbali kutumia programu za kutafutia jawabu bora. Yaani programu ambazo, kati ya mengi yawezekanayo, huteua lile lenye gharama ndogo au faida kubwa kuliko yote pasipo kuvunja masharti yaliyowekwa.

Mfano ujulikanao ni NEOS, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 katika Argonne National Laboratory, karibu na Chicago, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Northwestern. Mwaka wa 2011 ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Huduma yake haina malipo. Mtumiaji huandika swali lake katika lugha maalumu, kama vile AMPL iliyobuniwa Bell Laboratories mwaka wa 1985 na Robert Fourer, David Gay na Brian Kernighan. Hupewa nambari ya kazi na neno la siri, kisha hungoja.

Yafaa ifahamike kwamba seva yenyewe haikokotoi lolote. Ni mfano wa tarishi asomaye anwani pasipo kufungua barua. Mwongozo wa wasimamizi wa mwaka wa 2001 unaonyesha jinsi kila programu ilivyosajiliwa pamoja na alama zake: alama ya kufungulia na ya kufungia kila sehemu ya ujumbe. Seva hutafuta alama hizo, hugawanya ujumbe, na kuupeleka kunakohusika. Kwa hiyo programu mpya huweza kuongezwa bila ya seva kuandikwa upya. Kwa maneno mengine, msimamizi hulinda sarufi ya ujumbe, wala si maana yake.

Ugumu huanza jibu linaporudi. Tuseme mwokaji ana kilo 100 za unga, naye ametaka mikate 300, kila mmoja wa nusu kilo ya unga. Zahitajika kilo 150. Masharti yapingana, na hakuna tarakilishi iwezayo kuyapatanisha. Mtumiaji mwingine ameuliza swali lenye jawabu, lakini muda aliopewa umekwisha kabla ya programu kulifikia. Wa tatu amesahau alama moja ya kufungia, na swali lake halikuvuka mlango wa seva. Wote watatu wakiambiwa tu kwamba hakuna jawabu, wa kwanza atashika njia sahihi na kupunguza mikate. Wa pili ataacha mpango uliokuwa mzuri. Wa tatu atalaumu hesabu zisizo na kosa.

Hapa Kiswahili kina utajiri usiohitaji istilahi za kukopa. "Swali halina jawabu" ni hukumu juu ya swali. "Jawabu halijapatikana" huacha mlango wazi, na kiambishi -ja- pekee ndicho kibebacho tumaini hilo. "Swali halikusomeka" humrudisha mwandishi kwenye maandishi yake. Atakayezitafsiri taarifa za seva ya namna hii hana budi kuzitenganisha tatu hizi, wala asiridhike na neno "imeshindikana", ambalo aghalabu hutumiwa kuzifunika zote. Ya pili na ya tatu seva yaweza kuzitunga yenyewe, kwa kuwa ndiyo ishikayo saa na mlango. Ya kwanza hutoka kwa programu, na msimamizi huipitisha kama ilivyokuja.